Ikulu Ndogo ya Kisumu na Hodi ya Bibi Yetu



Sisi tuandikao makala haya ni ndugu watatu wa kike, tumbo moja. Tulizaliwa Kisumu, tukaolewa pwani, wawili Mombasa na mmoja Malindi. Mwaka huu tulirudi kwetu kwa msiba wa bibi mzaa mama, na baada ya hitima ya arubaini tulibaki siku kadhaa kupanga vitu vyake. Katika siku hizo kulizuka baina yetu mazungumzo kuhusu nyumba mbili: nyumba yake ya Kaloleni, na nyumba nyingine ambayo hakuwahi kuingia wala hakuwa na haki nayo, lakini aliizungumza maisha yake yote. Hiyo ya pili ni Ikulu ndogo ya Kisumu, iliyoko mtaa wa Milimani, upande wa ziwa.

Bibi aliletwa Kisumu akiwa bibi harusi, kutoka Kibokoni, Mombasa. Babu alikuwa mtunza ghala bandarini, katika siku ambazo meli za ziwa zilipokea mizigo kutoka katika mabehewa na kuivusha hadi Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Yeye alishona nguo za wanawake na watoto, na mwezi wa Ramadhani akapika mahamri na kaimati za kuuza. Wateja wake wengine walikaa Milimani. Kila alipokwenda kuwapelekea nguo zao alipita njia ya mzunguko iliyomwongezea karibu nusu saa ya kutembea juani, ili asipite mbele ya lango la Ikulu ndogo. Tukiwa wadogo tulimbebea mafurushi yale, tukalalamika miguu yatuuma. Alikuwa akitujibu, "Njia ile nimeiwekea nadhiri." Hakutueleza zaidi mpaka tulipokuwa wakubwa.

Kabla ya kuifikia nadhiri hiyo, yafaa tueleze nyumba za namna hii zimetoka wapi, maana watoto wetu waliozaliwa pwani hudhani Ikulu ni neno la Nairobi. Neno lenyewe halikutoka Nairobi wala Mombasa. Ni la Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa kusini mwa ziwa, nao waliita hivyo makao ya mtemi wao. Limesafiri likaja pwani, likaingia katika Kiswahili, na sasa sote twalitumia kana kwamba tulilizaa wenyewe. Babu alikuwa akilitaja jambo hili kwa furaha kila alipotaniwa na jamaa zake wa Mombasa kwamba amehamia porini. Aliwajibu kwamba hata neno la nyumba ya mfalme wamelipata huko huko porini.

Na si neno peke yake. Misafara ya pwani ilipoanza kufika sehemu hizi katika karne ya kumi na tisa, haikufikia nyumba ya mzungu yeyote. Ilifikia kwa Nabongo, mfalme wa Wanga, katika mji ambao leo twauita Mumias kwa jina la Nabongo Mumia. Hapo msafara ulipumzika, ukanunua chakula, ukapata wapagazi na habari za njia. Uislamu nao uliingia kwa mlango huo huo, mlango wa ukarimu, na Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Alifariki mwaka 1949, na mpaka leo Mumias ni mji wenye Waislamu wengi. Bibi alikuwa na marafiki huko, na kila mara alituambia kwamba makao ya mkubwa yaliyotangulia kuwakaribisha watu wetu katika nchi hii yalikuwa na moshi wa jikoni, si ukuta.

Ukubwa wa Kisumu wenyewe uliletwa na reli. Njia ya chuma iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali pale pakaitwa Port Florence. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wakati ule ufuko huu haukutawaliwa kutoka Nairobi. Ulikuwa sehemu ya Uganda, na mkubwa wake alikaa Entebbe, ng'ambo ya maji. Ni mwaka 1902 tu mpaka uliposogezwa, na Kisumu ikaingia katika himaya ya Afrika Mashariki. Miaka mitatu baadaye makao makuu ya himaya hiyo yakahama Mombasa yakapelekwa Nairobi, na mwaka 1907 ikajengwa huko nyumba ya gavana, ambayo ndiyo Ikulu ya Nairobi ya leo. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa ufukoni pale katika siku hizo angaliweza kuona makao ya mtawala wake yakihama kutoka Entebbe hadi Mombasa hadi Nairobi, ilhali yeye hajaondoka chini ya mti wake.

Baada ya uhuru nyumba hizi zikawa za Rais. Ikulu kubwa ni ya Nairobi, kisha iko ya Mombasa pale ufukweni na ya Nakuru, halafu ziko Ikulu ndogo katika miji mingine, Kisumu ikiwemo, ili kiongozi akizuru asiwe mgeni wa hoteli katika nchi yake mwenyewe. Yenye kisa kikubwa zaidi katika hizo ndogo labda ni ya Sagana, chini ya Mlima Kenya. Alizawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, na ndipo alipokuwa Februari 1952 alipopewa habari kwamba baba yake amefariki na sasa yeye ni malkia. Nchi ilipopata uhuru nyumba ikarudi mikononi mwa Wakenya. Bibi aliipenda hadithi hiyo, si kwa ajili ya umalkia, bali kwa kuwa msichana aliambiwa msiba wa babaye akiwa mbali na kwao. Alisema, "Nyumba ya kupokelea msiba haisahauliki, hata ikiwa ya kupewa."

Ada za kukaa Ikulu zimetofautiana kwa kila aliyekabidhiwa. Inasimuliwa kwamba Mzee Jomo Kenyatta hakupenda kulala Ikulu ya Nairobi. Alifanya kazi humo mchana, na jioni msafara wake ukarudi Gatundu, nyumbani kwake. Hata hivyo mauti yalimkuta katika Ikulu, ya Mombasa, alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978. Rais Moi naye akakaa kwake Kabarnet Gardens, Ikulu ikawa mahali pa kazi na wageni. Ni Rais Kibaki aliyeingia na jamaa yake akaifanya makazi hasa. Twakumbuka jinsi wanawake wa Kaloleni walivyolijadili jambo hilo mwaka 2003 kwa uzito ambao magazeti hayakulipa. Walitaka kujua nani atapika, nani ana funguo za ghala, na kama mke wa Rais aruhusiwa kuhamisha viti.

Sasa turudi kwenye nadhiri.

Jumamosi ya tarehe 25 Oktoba 1969, Mzee Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ile ambayo watu wa mji mpaka leo huiita "Russia", ijapokuwa sasa yabeba jina la Jaramogi Oginga Odinga. Jaramogi alikuwa amejiuzulu umakamu wa Rais mwaka 1966 na kuanzisha chama cha upinzani, KPU. Aidha, Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi mwezi wa Julai mwaka ule ule wa 1969, na majonzi yalikuwa hayajapoa. Bibi alikuwa amemshonea mjomba wetu, mtoto wa miaka tisa, shati jeupe jipya la kwendea kumpokea Rais pamoja na wenzake wa shule. Alilipiga pasi ya makaa usiku, akalitundika juu ya mlango lisikunjike.

Yaliyotokea yameandikwa na wengi, nasi hatutayarefusha. Viongozi wale wawili walitupiana maneno makali hadharani, umati ukapandwa na hasira, mawe yakarushwa, na risasi zikapigwa uwanjani na njiani msafara ulipokuwa ukiondoka. Watu waliuawa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akatiwa kizuizini.

Mjomba alirudi magharibi, adhana ikiwa inasomwa. Hakuwa na viatu, na shati lilikuwa limechanika mgongoni kwa seng'enge aliyopita chini yake. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amejificha ndani ya kibanda cha mama muuza samaki, mwanamke wa Kijaluo asiyemjua, aliyemfunika kwa gunia akakaa juu ya ukingo wa gunia hilo mpaka kelele zilipokwisha. Bibi alimtafuta mama yule kesho yake na keshokutwa, akampata siku ya nne, na tangu hapo wakawa ndugu mpaka mmoja alipomzika mwenziwe. Lakini kwa nyumba ya Milimani aliweka nadhiri kwamba hatapita mbele ya lango lake mpaka mwenyewe arudi kwa amani na watu wamkaribishe kwa amani.

Mzee Kenyatta hakuja tena Kisumu hadi alipofariki, karibu miaka tisa baadaye. Nyumba ikawa na walinzi na watunza bustani, majani yakakatwa, madirisha yakafutwa vumbi, na haikuwa na mwenyewe.

Yule ndugu yake Bibi, muuza samaki, alikuwa na maelezo yake. Kwa Wajaluo, alisema, mtu akianzisha boma jipya hutoka alfajiri na jogoo, mwanawe wa kwanza akiwa amebeba shoka na mkewe amebeba moto. Hujengwa nyumba, moto huwashwa, na lazima walale humo. Bila usingizi wa mwenyewe hakuna boma. Likihamwa huitwa gunda, hata kama paa lingalipo. Bibi akamjibu kwamba kwetu pia mtu hahamii nyumba hivi hivi: hufukizwa ubani, husomwa Qur'ani, wakaitwa majirani wakala, na ndipo mwenye nyumba akalala. Walikubaliana, wawili hawa waliotofautiana dini na lugha, kwamba nyumba ya Milimani ilihitaji mojawapo ya hayo na serikali haikuwa imefanya lolote. Twacheka tukikumbuka. Wao hawakuwa wakicheka.

Rais Moi aliposhika uongozi, safari za Rais katika mji wetu zilirejea. Mama yetu, wakati huo msichana wa shule, aliingia Ikulu ndogo na kwaya ya shule. Hii nayo ilikuwa ada ya zama zile: kila Rais alipofikia, kwaya za watoto na vikundi vya ngoma vilikwenda kumwimbia bustanini. Waliamshwa saa kumi usiku, wakasimama juani kwa saa nyingi, wakaonywa wasikanyage maua, wakaimba nyimbo mbili, wakapewa soda na mkate. Nyumba yenyewe hakuiingia. Alipotoka, Bibi alikuwa akimngoja, lakini si langoni. Alikuwa amesimama kwenye kona ya barabara ya pili, buibui limejaa vumbi.

Mama alimuuliza, "Mama, si Rais amekwisha kuja? Nadhiri imekatika."

"Huyu ni mwingine," akasema. "Halafu, mwanangu, nyinyi hamkukaribishwa. Mumepangwa mstari."

Hapo ndipo alipotusimulia, na aliirudia mara nyingi baadaye, habari ya Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, na liwali wake wa Kufa, Saad bin Abi Waqqas. Saad alijenga nyumba ya utawala karibu na soko, akaweka mlango ili makelele yasimsumbue. Umar aliposikia, wapokezi wa habari wasema, alimtuma Muhammad bin Maslama kutoka Madina kwenda kuuchoma mlango ule moto. Hakumwuzulu Saad kwa ajili hiyo, wala hakuibomoa nyumba. Aliuondoa mlango tu. Bibi alilipenda hilo kuliko yote, kwamba kilichochomwa kilikuwa kile kilichosimama kati ya liwali na watu wa sokoni.

Siku hizi husikika kila Ramadhani habari za futari Ikulu, Waislamu wakialikwa kula na Rais. Ni ada njema, na wajibu wa mwenye kualikwa ni kuitikia. Bibi alizitazama picha hizo katika runinga kwa makini sana, kisha akauliza wanawake wako wapi. Tulipomwonyesha wachache waliokuwa pembeni alisema, "Na aliyepika?"

Tufike mwaka 2021. Tangu miaka michache nyuma sikukuu za taifa zilikuwa zimeanza kuzungushwa nje ya Nairobi. Mombasa ilipata Mashujaa mwaka 2019, kule Mama Ngina. Zamu ya Kisumu ikawa Madaraka, tarehe 1 Juni 2021, katika uwanja mpya wa Mamboleo, nao ukapewa jina la Jomo Kenyatta. Mwana wa Kenyatta ndiye aliyekuwa Rais, na mwana wa Jaramogi alikuwa amepeana naye mkono Machi 2018. Mgeni wa heshima alikuwa Rais Ndayishimiye wa Burundi. Ulikuwa mwaka wa Korona, na watu wachache tu waliruhusiwa uwanjani. Lakini mji ulikuwa umefagiliwa, kingo za barabara zimepakwa chokaa, na wauza samaki wamesogezwa pasipoonekana, jambo ambalo Bibi hakulipenda hata kidogo.

Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka themanini, na macho yake yalikuwa yamefifia. Tulikuwa tumekuja kumwona. Usiku wa kuamkia sikukuu alituamuru tumpandishe juu ya sakafu ya nyumba ya jirani, ya ghorofa. Akauliza, "Upande wa Milimani kuna taa?" Tukamwambia kuna taa nyingi. Akauliza kama ni taa za barabara au za nyumba. Kwa kweli hatukuweza kutofautisha, na tukamwambia hivyo. Akanyamaza.

Asubuhi ya siku ya pili, msongamano ulipopungua, alivaa buibui lake la Ijumaa akasema apelekwe. Dada yetu mkubwa aliendesha gari. Tulipolikaribia lango alitaka kioo kishushwe na gari lisimame, nasi tulijua kwamba hapo hapasimamwi. Askari kijana alikuja mbio, mkono ameunyoosha. Bibi hakumngoja afike. Alielekeza uso wake langoni akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia katika milango ya wateja wake, "Hodi."

Askari akasimama. Alimtazama, kisha akainama dirishani akasema, "Oyawore, dani." Alimwamkia nyanya yake, kwa Kijaluo. Bibi akamjibu kwa Kijaluo kizuri kuliko chetu, akamwuliza kwao ni wapi, akaambiwa ni Seme. Ndipo akauliza kwa Kiswahili, "Mwenyewe amelala humu?"

Kijana alitazama nyuma kwa mwenziwe, akatabasamu. Haikuwa kazi yake kujibu, na hakujibu. Alisema, "Endeni salama, dani," akalipigapiga paa la gari kwa kiganja, polepole, kama mtu amgusavyo mgonjwa.

Tukaendelea na safari. Tulimwuliza kama nadhiri imekatika. Alisema kubisha hodi ni mara tatu, na yeye amebisha mara moja, lakini miguu yake haitoshi kwa hizo mbili. Tangu siku hiyo, hata hivyo, tulipompeleka hospitali tulipita njia fupi, na hakuikataza.

Alipofariki tulilikuta lile shati katika sanduku lake, limekunjwa pamoja na sanda aliyojinunulia. Mpasuko wa mgongoni hakuushona. Mjomba, ambaye sasa ana wajukuu, alilishika kwa muda kisha akalirudisha. Hakusema kitu, nasi hatukumwuliza.

Na wasia wake kuhusu nyumba ya Kaloleni ulikuwa wa maneno machache: igawanywe kwa sheria, na kabla ya kugawanywa isifungwe. "Msiifanye kama ile," alisema, na sote tulijua ni ipi. Hapo ndipo tulipokwama. Warithi wako Mombasa, Malindi, Nairobi na Muscat. Mmoja ataka iuzwe, na ana hoja, kwani ada za shule hazingoji. Mmoja ataka iwekwe wapangaji. Wa tatu ataka ibaki kwa ajili ya likizo za watoto, yaani afagie mtu wa mshahara na madirisha yafutwe vumbi, mpaka Desemba. Tulipomsikia akisema hivyo tulitazamana. Hatujafikia uamuzi, na Kadhi ametupa muda.

Kwa sasa mjomba amechukua godoro lake akahamia humo, peke yake, mkewe akimletea chakula. Usiku wa kwanza alifukiza ubani, na mtoto wa yule muuza samaki alileta makaa kutoka kwake, akasema mama yake angalitaka hivyo. Asubuhi mjomba alitupigia simu sote watatu, mmoja baada ya mwingine, kutuambia kwamba paa la jikoni linavuja, na kwamba tutume pesa.